Maji ya Njoki, Maji ya Gari

Jumanne, 13 Machi 2018

Daftari hili amenipa muuguzi wa hospitali ya Meru. Amesema niandike maji anayokunywa Njoki, kila siku, hata ya kumezea dawa, kwa sababu figo zake zimelala na maji yakishaingia hayana pa kutokea isipokuwa kwa ile mashine ya kusafisha damu. Nusu lita kwa siku, basi. Nikamwambia, "Mwanangu, mimi mlango wa shule sikuuona. Herufi nilifundishwa na mke wa mchungaji nikiwa na mvi." Akacheka, akasema, "Cucu, nyanya yangu, andika vile unaongea." Basi naandika ninavyoongea.

Njoki ni kitindamimba wangu, ana miaka thelathini na minne. Mume wake ni Mutembei, Mmeru, mwalimu wa sekondari hapa Siakago. Wana msichana mmoja, Kaari, wa miaka tisa. Mimi nimeacha ndengu zangu shambani Kanyuambora nikaja kumwuguza. Silali kwao. Nalala kwa jirani yao Cicily, kwa sababu kwetu mama mkwe halali chini ya paa la mkwe wake, hata vitanda viwe kumi.

Mashine za Embu zimejaa, jina letu liko kwenye orodha. Meru wametupa Jumanne na Ijumaa mpaka Embu watuite. Ni mbali. Tunapanda Embu, tunapita Runyenjes na Chuka, tunateremka Nithi, tunapanda tena mpaka Nkubu, ndipo Meru. Matatu tulijaribu mara moja. Wakati wa kurudi Njoki alizimia steji ya Embu, watu wakadhani ni mlevi. Sasa ni gari ya Mutembei tu.

Leo imechemka kilimani Nithi. Mutembei akasimama, akangoja ipoe, akatia maji. Mashine ikaanza nusu saa baada ya wakati wetu.

Njoki vikombe viwili. Gari lita tatu. Sijui kwa nini nimeandika ya gari. Nimeona tu mmoja anakatazwa maji na mwingine anabembelezwa anywe.

Jumatano, 14 Machi

Mvua imeanza. Vikombe viwili. Mutembei yuko chini ya gari, naona viatu tu.

Ijumaa, 16 Machi

Imechemka tena, pale pale, baada ya daraja la Nithi. Lita tatu na nusu.

Nieleze jinsi tunavyokaa. Njoki anakaa mbele, kiti kimelazwa. Mimi niko nyuma, upande wake, nimshike bega. Siwezi kukaa karibu na Mutembei. Kwetu mambo ya mkwe na mama mkwe yana aibu yake, tunaiita nthoni. Hatushikani mikono, hatutazamani usoni, na zaidi ya yote hatukosoani. Nikitaka kumwambia jambo nampitishia kwa Njoki, naye akitaka kuniambia anampitishia Njoki. Wanaonijua wanajua mdomo wangu. Nimemwambia chifu kwamba ni mwizi, na kuna kaburi nimelisimamia nikasema aliyelala humo alipiga mke. Lakini kwa Mutembei miaka kumi na moja nimesema "umeamkaje" na "asante kwa chai."

Basi naona shingo yake tu. Gari ikianza kupanda, shingo inakaza. Naangalia shingo na naangalia mshale wa joto, vyote vinapanda pamoja.

Jumamosi, 17 Machi

Fundi Njura amekuja. Ni Mmbeere wa hapa hapa, mdomo mwingi kuliko spana. Ameona paipu ya mpira imepasuka chini, akaweka nyingine.

"Imepona," akasema.

"Umesema hivyo kwa trekta ya kanisa," nikamwambia, "na trekta sasa inalala kuku."

"Cucu, ile trekta ilikuwa na pepo."

"Pepo alikuwa ameshika spana."

Njoki alicheka mpaka akashika ubavu. Nilikuwa sijaisikia sauti hiyo tangu Krismasi. Vikombe viwili.

Jumanne, 20 Machi

Imechemka. Lita nne.

Jumatano, 21 Machi

Njura ametoa kitu kidogo cha shaba ndani ya injini, anakiita themostati. "Hiki ni cha nchi za barafu," amesema, "kinazuia maji yasizunguke mpaka injini ipate joto. Hapa Siakago joto tunalo la bure." Amekitupa kwenye nyasi. Kaari amekiokota, anakifanya taji la mwanasesere.

Ijumaa, 23 Machi

Mpaka Chuka mshale ulikuwa umelala chini kama mbwa aliyeshiba. Nikaanza kumshukuru Mungu. Tukateremka Nithi, tukaanza kupanda, ukasimama. Lita nne na nusu. Njoki alilala akitazama maji yakimiminwa, ulimi unalamba midomo. Midomo yake imepasuka. Nikampa kipande cha ndimu anyonye, nikageuza uso.

Jumapili, 25 Machi

Hatukuenda kanisani. Mutembei amefungulia redieta, ikatoka uji wa rangi ya kutu na magamba meupe. Amesema ni maji ya kisima cha Siakago, yana chumvi. Hilo ni kweli, hata chai ya hapa ina ladha ya machozi. Sasa ameamua gari itakunywa maji ya mvua peke yake. Amepanga mabeseni chini ya paa, mapipa, sufuria, hata ndoo ya Kaari ya kuogea. Yakijaa anachuja kwa kitambaa cheupe, polepole, kama anachujia mtoto mchanga maziwa.

Nikamwambia Njoki, "Mwanamume wako atalala na hiyo gari."

"Mwache, maitu." Maitu ni mama kwetu.

"Siku nzima! Hajakuja hata kukukanda miguu."

"Mimi hawezi kunitengeneza," akasema. "Acha atengeneze gari."

Nikamkanda miguu mwenyewe. Kidole kikibonyeza, shimo linabaki.

Vikombe viwili. Alitaka cha tatu, nikamkatalia. Mimi niliyemnyonyesha miaka miwili na nusu nimemkatalia maji.

Jumanne, 27 Machi

Maji ya mvua, lita tano. Imechemka.

Alhamisi, 29 Machi

Leo nimefanya uchunguzi wangu. Jana jioni nilitandaza gunia kavu chini ya gari. Asubuhi gunia bado kavu. Mutembei akafungua redieta, imepungua. Gari haivuji popote, na maji hayapo. Miaka sitini nimepika. Sufuria isiyotoboka ikikauka, maji yametoka kwa juu. Sasa hii gari, juu yake ni wapi?

Ijumaa, 30 Machi, Ijumaa Kuu

Naandika mengi leo.

Njoki akishaunganishwa na mashine ni saa nne za kukaa. Mutembei hulala ndani ya gari. Mimi nikatoka, nikapanda tukutuku mpaka Kinoru, karibu na uwanja wa mpira, kwa sababu niliambiwa huko kuna gereji nyingi. Zote zilikuwa zimefungwa kwa Pasaka isipokuwa moja. Mzee mmoja alikuwa ameketi kwenye kiti cha gari kisicho na gari, anakula muhogo. Anaitwa Bundi.

"Gereji imefungwa, cucu."

"Mdomo wako uko wazi, naona unakula. Utajibu."

Akacheka, akanipa kipande cha muhogo. Nikamweleza kuanzia paipu mpaka gunia. Akaacha kutafuna.

"Asubuhi ikiwashwa, moshi wake?"

"Mweupe, kama wa kuni mbichi."

"Unaisha?"

"Tunafika Embu ukiwa bado mweupe."

"Na paipu ya juu ya redieta, inakuwa ngumu haraka?"

"Sijawahi kuishika. Ni gari ya mkwe."

"Aa." Akaelewa, Wameru nao wana yao. Akaniambia hivi: "Ndani ya injini moto unakaa huku na maji yanakaa huku. Katikati kuna gasketi, kitu chembamba kama kadibodi. Ikitoboka, moto unapuliza ndani ya maji, na maji yanaingia kwenye moto, yanatokea kwa bomba la moshi. Ndiyo sababu gunia lako ni kavu. Unataka kujua bila kufungua? Asubuhi gari ikiwa baridi, toa mfuniko wa redieta, mtu awashe. Maji yakianza kutoa mapovu kabla hayajapata joto, hayo si ya kuchemka. Ni injini inapumua ndani ya maji."

"Na dawa yake?"

"Kichwa cha injini kifunguliwe, kisawazishwe, gasketi mpya. Siku nne. Mkitoka hapa Ijumaa, Jumatatu jioni mnayo."

"Na tukiendelea kuongeza maji?"

Akatazama muhogo wake. "Itawavumilia siku kadhaa. Halafu siku moja itakufa, na haitafia tambarare, cucu. Itafia kilimani."

Jumamosi, 31 Machi

Mutembei alienda shuleni kusahihisha mitihani. Nikamwamsha Njoki, nikamfunga shuka, nikamketisha kwenye usukani. Gari ilikuwa baridi kama jiwe. Nikatoa mfuniko mimi mwenyewe.

"Washa."

Akawasha. Nikahesabu mpaka ishirini. Maji yalitulia, kisha povu moja, kisha mengine matatu, kisha yakaanza kububujika kama mtoto anapuliza ndani ya kikombe. Nikaingiza kidole. Maji baridi! Nikamwita aje aone. Akaja akiegemea mlango.

"Umeona?"

"Nimeona, maitu."

"Mwambie mume wako. Mwambie ni gasketi ya kichwa, afungue leo leo, wafanye usiku na mchana. Jumatatu jioni iwe imekwisha."

"Nitamwambia."

"Mwambie ni fundi wa Kinoru amesema, si mimi."

Akanitazama, akatabasamu. "Akijua mama mkwe wake amezunguka gereji akiuliza habari za gari yake, hatainua macho tena."

"Basi mwambie umeota. Bora umwambie."

Jumapili, 1 Aprili, Pasaka

Nimemwuliza. "Nimemwambia," amesema. Mutembei alikuwa anachuja maji ya mvua.

Vikombe viwili na soda kifuniko kimoja, kwa sababu Bwana amefufuka.

Jumanne, 3 Aprili

Lita saba. Imechemka Runyenjes, kabla hata ya Chuka. Nikamwangalia Mutembei akisimama kwenye mvua na mtungi, na kwa mara ya kwanza nilimchukia. Ameambiwa! Mwanamke anakufa kwa kiti cha mbele, ameambiwa ugonjwa wa gari na jina lake, na bado anamimina maji. Kiburi cha mwalimu. Nimeandika, nisifute.

Jumatano, 4 Aprili

Nimeenda kwa Njura. Nikamwambia habari za mapovu.

"Cucu, injini umesomea wapi? Jikoni?"

"Ndiyo. Na wewe ulisomea wapi? Maana jikoni naona ungefukuzwa."

"Ni chumvi ya kisima. Mwalimu mwenyewe amekubali."

"Fungua kichwa, Njura."

"Mwenye gari akiniambia nifungue nitafungua. Nifungue injini ya mwalimu kwa sababu mama mkwe ameniambia? Atasema nini huyo mtu?"

Hiyo aibu si yake wala yangu, tulizaliwa tukaikuta. Nikamwachia matusi mawili ya Kimbeere, nikaenda.

Ijumaa, 6 Aprili

Imechemka mara mbili. Tumechelewa saa nzima. Miguu ya Njoki imejaa mpaka gotini, viatu vimekataa, anavaa ndara zangu.

"Ulimwambia kweli?"

"Nilimwambia, maitu."

"Akasema nini?"

"Akasema ataangalia."

Ataangalia! Kama ni ng'ombe wa jirani.

Shule zimefungwa leo. Sasa ana siku zote za dunia, afungue.

Jumapili, 8 Aprili

Hakufungua. Amenunua feni nyingine. Mvua usiku na mchana.

Jumatatu, 9 Aprili

Leo nilitaka kuvunja.

Asubuhi nilitoka kwa Cicily nimejifunga leso mbili, nikamkuta Mutembei peke yake, boneti iko wazi. Nikaenda moja kwa moja mpaka nikawa hatua tatu kutoka kwake. Sijawahi kumkaribia hivyo. Amekonda. Kola ya shati inazunguka shingo kama pete kwenye kidole cha mgonjwa. Akaniona, akarudi nyuma, akainamisha macho kama ilivyo desturi.

"Mami, umeamkaje?"

Maneno yalikuwa hapa, kwenye meno. Fungua kichwa cha injini. Maneno manne tu. Nikaona mikono yake, imeungua kwa mvuke, ina malengelenge. Nikaona jinsi anavyongoja kwa heshima, macho kwenye matope. Nikawaza, aliambiwa na mke wake na hakusikia, nikimwambia mimi nitamvua nguo tu, na gari haitafunguliwa, na Njoki ndiye atakayelala na hasira zake.

Nikasema, "Mvua imekuja."

"Imekuja, mami," akasema.

Nikarudi kwa Cicily. Cicily akaniuliza kwa nini nalia, nikamwambia ni moshi. Moto ulikuwa haujawashwa.

Jumanne, 10 Aprili

Tumefika saa nne na nusu. Mashine ina mtu mwingine saa saba, hivyo Njoki amepata saa mbili badala ya nne. Wamefanya walivyoweza. Lita tisa.

Jumatano, 11 Aprili

Kikombe kimoja. Mwenyewe amekataa cha pili. Anapumua akiwa ameketi.

Alhamisi, 12 Aprili

Kikombe kimoja. Nimemwambia tukodi gari ya mtu kesho. Amesema, "Mutembei ameitia maji ya kutosha. Ameamka tangu saa tisa anaiosha." Anasema hivyo kama mama anayesifu mtoto.

Jumatatu, 16 Aprili

Nimeshindwa kuandika siku tatu. Naandika leo kwa sababu kichwa hakinyamazi.

Ijumaa tulitoka alfajiri, mvua ya mawe. Mpaka Chuka tulitia maji mara nne. Njoki alikuwa amejaa, uso kama si wake, anavuta pumzi fupi fupi. Mutembei alikuwa anaongea na gari kwa Kimeru, kwa sauti ndogo, "twende, twende, mama." Tukateremka Nithi. Tukavuka daraja. Tukaanza kupanda, kona ya kwanza, kona ya pili. Kukatokea mlio kama chuma kimekanyaga chuma, boneti ikatoa mvuke mweupe, gari ikasimama. Akawasha, haikuzunguka hata kidogo. Injini ilikuwa imeshikana.

Alitoka, akafungua boneti, akachukua mtungi, akamimina. Maji yakapiga kelele na kurudi hewani. Akamimina tena. Injini imekufa na yeye anainywesha! Nikashuka, nikasimama katikati ya barabara, mikono juu. Lori ya mbao ikanipita, gari ya maua ikanipita, watu wanaogopa kusimama kona za Nithi, zimeua wengi. Saa moja ikapita, ikapita ya pili. Njoki akaniita. Nikaingia nyuma, nikamkumbatia kutoka nyuma ya kiti, kifua chake mikononi mwangu kinapanda na kushuka.

"Maitu, usimkasirikie," akasema.

"Nani?"

"Mutembei. Usimkasirikie."

"Nyamaza, okoa pumzi."

"Maji kidogo."

Nikampa. Nikampa chupa nzima, akanywa akiwa amefumba macho. Sitaandika vikombe vingapi.

Mwishowe pikapu ya mtu wa Nkubu iliyobeba kabichi ikasimama. Tukamlaza juu ya magunia, Mutembei akamfunika kwa koti na mwili wake. Hospitalini walitupokea pale pale. Walimwondoa mtu mwingine kwenye mashine, yule mtu akakubali mwenyewe, Mungu ambariki. Walifanya haraka. Hawana kosa, naandika ili ijulikane. Lakini damu ilikuwa imeharibika, na moyo ulisimama kabla mashine haijaizungusha mara ya pili.

Saa nane na dakika kumi. Muuguzi aliyenipa daftari alinishika mikono yote miwili, akalia kuliko mimi. Mimi machozi sikuyaona mpaka jana.

Jumamosi, 21 Aprili

Tumemzika kwa baba yake Mutembei. Udongo ni mwekundu na laini huko, si kama wetu wa mawe. Kaari hakuniachia mkono. Mutembei sikumtazama, na safari hii haikuwa heshima.

Jumapili, 22 Aprili

Nimerudi Kanyuambora. Ndengu zimeoza.

Alhamisi, 26 Aprili

Simu imelia. Ni Embu. Nafasi ya mashine imepatikana, Njoki aje Jumatatu. Nikasema asante.

Jumapili, 6 Mei

Mvua imekatika. Saa tano nimesikia gari ikipanda kilima chetu. Nilijua mlio wake, ila haukuwa na kule kukoroma. Ni Mutembei, peke yake, ameniletea blanketi na sufuria nilizoacha kwa Cicily. Amepanda kilima chote cha Kanyuambora na hakuna mvuke, hakuna kitu. Akashuka, akafungua boneti kwa mazoea, akasimama kando yake. Nikabaki mlangoni kwangu.

"Mami, nimekuletea vitu."

"Asante."

Nilifikiri ataenda. Hakuenda. Akaongea na injini, macho hapo hapo.

"Njura ameweka injini nyingine. Ile ya zamani tumeifungua, nikataka kuona. Ni gasketi ya kichwa, mami. Ilitoboka zamani. Maji hayakuwa na kosa. Nilichuja maji ya mvua wiki tatu, na maji hayakuwa na kosa."

Akafuta mikono kwenye suruali.

"Ilikuwa kazi ya siku nne. Ningeambiwa tu. Hata kwa kutukanwa, ningeambiwa tu." Akagusa mfuniko wa redieta. "Njura akaniambia ulienda kwake mwanzo wa Aprili. Ati ulimweleza mapovu. Ni kweli?"

"Ni kweli."

"Basi mbona hukumtuma Njoki aniambie?"

Nikashika mlango.

Hakuambiwa. Hata mara moja. Mwezi mzima nilimchukia mtu huyu kwa neno ambalo halikumfikia. Nilimwona Njoki wangu palepale kwenye usukani, amefungwa shuka, akiangalia mapovu, akisema nitamwambia. Aliyajua. Alirudi ndani, akamwona mume wake anachuja maji kwa kitambaa, na hakuweza. Hakuweza kumnyang'anya kile kitu kimoja alichokuwa anamfanyia kwa mikono yake. Na mimi akaniambia uongo ili nisilazimike kuvunja mwiko na mkwe wangu. Alitufunika wote wawili, akaketi katikati yetu kwenye kile kiti kilicholazwa, akafa.

Na mimi Jumatatu ile nilisimama hatua tatu, nikasema mvua imekuja.

Mutembei alikuwa anangoja. Nikaona nikimwambia ukweli, atarudi nyumbani na kumkuta mke wake katika kila beseni, akimtazama na kunyamaza. Atamzika mara ya pili, na safari hii kwa hasira. Ana miaka thelathini na tisa, ana mtoto wa kulea mwenye uso wa Njoki.

"Sikumwambia Njoki," nikasema. "Nilijua peke yangu. Nilienda Kinoru kwa fundi, akanieleza yote. Niliona haya kwako, nikanyamaza."

Akainua kichwa, akanitazama usoni. Miaka kumi na moja sikuwa najua macho yake ni ya rangi gani. Ni ya kahawia, mepesi. Akanitazama muda mrefu, na nilimwona akinijua, na kisha nilimwona akianza kunichukia, taratibu, kama mtu anayewasha jiko la mkaa uliolowa. Sikuinamisha macho. Angalau hilo nilimpa.

Akafunga boneti, hakuipiga. Akateremsha blanketi na sufuria, akaviweka kwenye nyasi mbali na mlango wangu. Chai ilikuwa tayari, hakunywa. Akaingia ndani ya gari, akateremka kilima.

Nimeandika hapa Njoki alivyofanya, kwa sababu mimi ni mama yake na lazima mtu mmoja ajue. Kesho daftari linaingia motoni na maganda ya ndengu. Mutembei anichukie mimi. Mimi bado niko hai, ana mahali pa kuleta hasira yake.